Kamati ya Taifa ya Kitambaa

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Nimekatazwa, na mimi ni mtu wa kutii. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, ina viongozi wengi kuliko vyoo, na mwaka ule Serikali ilikuwa imeunganisha Wizara ya Maji na Wizara ya Mwonekano wa Taifa, kwa hoja kwamba maji nayo yanaonekana.

Mimi nilikuwa mwandishi wa mihtasari wa wizara hiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni ya kila kikao, kuandika yaliyosemwa, halafu kuyafuta na kuandika yaliyopaswa kusemwa. Niliifanya miaka kumi na saba, na nilisifiwa.

Ghorofa ya chini kulikuwa na maabara ya maji, na humo alifanya kazi Bi. Mwanaheri Shaame, mjane wa makamo mwenye watoto wa shule, mtu wa maneno machache, aliyepima maji ya mji mkuu kwa miaka kumi na tisa. Barabarani alivaa buibui na nikabu, yakabaki nje macho tu. Maabarani alivaa koti jeupe, kofia na barakoa ya kazini, na pale napo yakabaki nje macho tu. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kulalamika, maana hakuna mkubwa aliyewahi kushuka maabarani.

Mwezi wa tatu alichota maji ya tangi kuu la Kilimani, linalonywesha nusu ya mji. Akayapima, akayapima tena, akayapima mara ya tatu kwa chombo kingine. Yalikuwa na kinyesi cha binadamu. Akapanda Kilimani kwa miguu yake kutafuta sababu, akaikuta. Jumba jipya la Wageni wa Taifa lilikuwa limejengwa juu kidogo ya tangi ili wageni wafurahie mandhari, na bomba lake la maji taka lilikuwa limepasuka. Kila mgeni wa heshima alipojisaidia, taifa lilipokea.

Aliandika taarifa ya kurasa mbili. Mkuu wake akaipiga mhuri wa IMEPOKELEWA. Wiki ya pili alikumbushia, ikapigwa mhuri wa IMEKUMBUSHIWA. Wiki ya tatu aliambiwa wino wa mhuri umekwisha. Wakati huo watoto wa kata ya Mtoni, kule bondeni, walikuwa wameanza kuharisha.

Ndipo alipovaa buibui lake, akafunga nikabu, akashika chupa ya maji mkononi, akapanda hadi ukumbi wa ghorofa ya nne, ambako Waziri wetu, Mheshimiwa Hilari Mkumbukwa, alikuwa akizungumza na waandishi wa habari. Mheshimiwa alikuwa akieleza jinsi maji ya nchi yetu yanavyoonewa wivu na majirani.

Bi. Mwanaheri alisimama nyuma ya viti. "Mheshimiwa," alisema, "mimi ni mpimaji wa maji wa wizara yako. Haya nimeyachota leo asubuhi Kilimani. Yana kinyesi. Naomba tangi lifungwe leo, na wananchi waambiwe wachemshe."

Waziri aliitazama chupa, akameza mate. Kisha akalitazama buibui, na nilimwona kabisa akipata nafuu, kama mtu aliyebanwa na tumbo ghafla akaona choo kilicho wazi.

"Nani anaongea?" aliuliza.

"Mwanaheri Shaame, wa maabara."

"Sauti naisikia, ila sura siioni. Mimi ni Waziri wa Mwonekano wa Taifa, mama. Siwezi kumsikia mtu nisiyemwona."

Waandishi wa habari wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nalisema hili mapema kwa sababu katika muhtasari wa siku ile sikuliandika.

*

Katika mstari wa pili alikuwa ameketi Bosko Ndimbwa, mchoraji wa katuni wa gazeti la *Kipaza*. Bosko alikuwa na mkono mwepesi na roho ya kawaida. Aliniambia baadaye kwamba mchoro ule ulimchukua dakika kumi na mbili, pamoja na kuchonga penseli.

Alichora gunia la mkaa lililosimama wima, limefungwa kamba utosini, lina macho mawili. Pembeni umetoka mkono mmoja, umeshika chupa, na chupa ina utambi unaowaka kama baruti. Chini yake aliandika: NDANI KUNA NINI?

Kesho yake nchi nzima iliuliza swali hilo. Liliulizwa redioni, saluni, kwenye foleni za unga. Likachapwa kwenye fulana. Mheshimiwa Mbunge mmoja aliliuliza bungeni akapigiwa makofi dakika tatu. Wote waliuliza kuhusu gunia. Kuhusu chupa hakuna aliyeuliza.

Wanawake waliovaa nikabu mjini mwetu hawakufika hata mia mbili, lakini kuanzia siku ile ungedhani wamezingira ikulu. Wanafunzi waliwafuata nyuma wakiimba "mkaa, mkaa". Dada mmoja muuguzi alizuiwa kupanda ngazi za zahanati yake mwenyewe. Na sokoni Mtoni, mwanamume mmoja muuza mabati alimvuta Bi. Mwanaheri nikabu kwa ndoano ya kutungulia maembe, mchana kweupe, mbele ya umati. Redio ilimhoji jioni yake. Ilimwita "mwananchi mdadisi".

Habari hiyo niliipata kwa Mama Yunisi, aliyekuwa mpika chai wa wizara na mkazi wa Mtoni. Alikuwapo.

"Kitambaa kilianguka mtaroni, mwanangu Simeo," aliniambia huku akipanga vikombe. "Kwenye yale maji meusi. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika nayo. Nikamwambia, dada, twende nikusindikize nyumbani. Akaniambia, asante dada, lakini kwanza niambie, kwenu maji mnakunywa ya wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ya bomba. Ya wapi tena? Akasema nichemshe. Nikamwambia nitachemsha." Mama Yunisi alifuta meza. "Ila kuni nazo, mwanangu, unazijua."

*

Serikali yetu ni sikivu. Baada ya siku nane Waziri aliunda Kamati ya Taifa ya Kitambaa, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti. Ilikuwa na wajumbe thelathini na mmoja, wote wanaume, kwa kuwa suala lilihusu wanawake na Serikali haikutaka upendeleo.

Niliandika kila kitu. Profesa mmoja aliyesomea ng'ambo alizungumza saa nne kuhusu uso kama mali ya umma. Alisema mwanamke anayejifunika anaiibia jamii mandhari. Kanali mstaafu alileta kifaa alichokibuni, kinaitwa kipimauwazi, chenye rula mbili na kioo, cha kupima kiasi cha uso kilicho nje. Kilijaribiwa kwa mjumbe mwenye ndevu nyingi, akapatikana na hatia, kikarudishwa kwa marekebisho.

Mhariri wa *Kipaza*, naye mjumbe, alisimama akaweka mkono kifuani. "Uhuru wa kuchora ndiyo pumzi ya taifa," alisema. "Katuni haina mipaka. Anayeumizwa na mchoro ajifunze kucheka." Alipigiwa makofi, na kweli, kama asingesema zaidi ya hapo, ningemwamini mpaka leo.

Upande wa pili alikaa Sheikh Nasibu, Msemaji wa Heshima, aliyeteuliwa na Waziri ili Waziri apate mtu wa kubishana naye. Sheikh alitangaza kwamba dini imevunjiwa heshima kupitia kwa dada yetu. Akaitisha maandamano. Yalijaa wanaume watupu, maana wanawake waliombwa wabaki nyumbani kwa usalama wao. Walipochoka kupiga kelele walikwenda wote hadi mlangoni kwa Bi. Mwanaheri. Nilitumwa kuandika, kwa hiyo yaliyosemwa niliyasikia.

"Dada yetu," Sheikh alisema kwa kipaza sauti, ingawa alikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni, "tumekuja kukutetea. Tunachokuomba ni kimoja. Acha kazi, kaa ndani, usiongee na mtu mpaka tukurudishie heshima yako."

Bi. Mwanaheri alijibu akiwa nyuma ya pazia. "Heshima yangu haijapotea, Sheikh. Yuko mtu aliyenivuta nguo sokoni, jina lake nimelipeleka polisi. Mngekwenda huko mkanitolea ushahidi, ningeshukuru. Na mkimaliza, semeni msikitini watu wachemshe maji."

"Maji baadaye, dada. Kwanza heshima."

"Kuna watoto wawili wamezikwa jana mtaa wa nyuma. Mlipita mbele ya matanga yao mkija hapa."

Sheikh aliangalia saa yake, akaomba dua, wakatawanyika. Hakuna aliyekwenda polisi.

Wizarani neno kipindupindu lilikuwa limepigwa marufuku. Tuliagizwa kuandika "kuharisha kwa msimu", na suala lenyewe liliingizwa kwenye ajenda ya kila kikao kama namba kumi na moja, Mengineyo. Kamati haikuwahi kufika namba kumi na moja. Wajumbe walikunywa maji ya chupa zilizofungwa kutoka nje ya nchi. Chai yao pia ilipikwa kwa maji hayo, kwa waraka maalumu. Mama Yunisi alikatazwa kubeba hata nusu chupa kwenda nayo nyumbani.

*

Wiki ya saba mtu alikumbuka kwamba Bi. Mwanaheri mwenyewe hajaitwa. Akaitwa.

Alikuja na taarifa yake ya kurasa mbili. Aliketishwa kwenye kiti kilichowekwa peke yake katikati ya ukumbi, na wajumbe wakamtazama namna watu wanavyomtazama mnyama aliyeletwa na meli. Wapiga picha walipiga magoti wakitafuta pembe ya chini, kana kwamba kitambaa kina dirisha huko.

Waziri alianza. "Nani alikulazimisha?"

"Hakuna. Nilianza kuvaa nikiwa na miaka thelathini, mume wangu akiwa hai. Yeye hakupenda, akazoea."

"Husikii joto?" aliuliza profesa.

"Nasikia. Mheshimiwa, taarifa yangu ukurasa wa kwanza—"

"Unakulaje?"

"Kwa mkono, kama wewe. Ukurasa wa kwanza unaonyesha vipimo vya—"

"Mama, jibu unachoulizwa," Waziri alisema. "Karatasi hiyo haiko kwenye ajenda."

"Dada, nyamaza, sisi tunakutetea," alisema Sheikh Nasibu.

Mhariri akauliza, "Ulipoiona ile katuni, ulicheka?"

Aliilaza karatasi magotini.

"Sikucheka," alisema. "Nilifundisha wasichana kumi na wanne kupima maji katika jengo hili, wengine Waislamu, wengine Wakristo. Siku ile walipita mlangoni kwangu hawakuweza kunitazama. Mchoraji hakunijua, kwa hiyo alichora asichokijua. Nyinyi mnanijua. Saini zangu ziko kwenye mafaili yenu miaka kumi na tisa. Wiki ya saba hii mnajadili kipande cha nguo, na mimi nilikuja na chupa ya mavi. Mtoni wamekufa watu sitini na wanane. Nimewahesabu mwenyewe, maana wizara haiwahesabu. Niulizeni kuhusu hao."

Waziri alinigeukia. "Karani, futa. Andika: shahidi alikataa kujibu."

Nilifuta. Lakini kabla ya kufuta nilikunja nakala moja nikaitia mfukoni, na mpaka leo sijui ni kwa nini. Sikuwa na ushujaa.

*

Siku nne baadaye wajumbe walifika wakakuta meza tupu. Hakukuwa na vikombe. Walisubiri nusu saa. Kisha mlinzi akaja kusema kwamba Mama Yunisi ameharisha tangu juzi na asubuhi ile amefariki.

Waziri alionekana kuguswa. Aliwaza kwa kitambo, akaniambia niandike, na nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: *Kikao kimeahirishwa kwa kukosa chai.*

Nilikwenda kuzika Mtoni. Harufu ya mtaa ule siwezi kuieleza kwa lugha ya wizara. Mashuka yalikuwa yakichemshwa kwenye mapipa, na ndani ya kila nyumba alikuwamo mtu amelala kando ya ndoo. Bi. Mwanaheri alikuwa hapo tangu alfajiri, anawachanganyia wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Nilimpa pole kwa mbali, kama inavyostahili, nikamwambia kwamba Mama Yunisi alinieleza habari ya kanga.

"Sijamrudishia," alisema. "Nilikuwa nimeifua." Akageuka, akalia kwa sauti, na wanawake wakamzunguka.

Kesho yake alikwenda sokoni. Aliniambia baadaye kwamba wazo hilo lilimjia matangani. Kwa miezi miwili, popote alipokwenda, watu walikusanyika kumtazama. Waziri mwenyewe hakuweza kukusanya umati wa namna ile bila kugawa fulana. Basi akasimama katikati ya soko la Mtoni na chupa mkononi, akangoja. Hazikupita dakika kumi, watu walikuwa mia tatu, na yule muuza mabati wa ndoano akiwa mbele kabisa.

"Gunia," muuza mabati alipaza sauti, "ndani kuna nini?"

Bi. Mwanaheri akainua chupa. "Mavi," alisema. "Mavi ya Jumba la Wageni. Yanashuka kwenye tangi, yanakuja bombani, unayanywa. Kaka, wewe una watoto wangapi?"

Umati ulicheka, kisha kicheko kikafa kipande kipande. Muuza mabati alikuwa na wanne, na wa mwisho alikuwa amelala kando ya ndoo. Bi. Mwanaheri aliwaeleza jinsi ya kuchemsha, dakika ngapi, na jinsi ya kufunika. Alikwenda soko la pili, na la tatu. Wasichana wake wa maabara walianza kumfuata, kwanza wawili, mwisho wote kumi na wanne, kila mmoja na mavazi yake. Ndani ya wiki mbili vifo Mtoni vilipungua kwa nusu.

Wizara ilimfukuza kazi kwa kosa la kutumia neno chafu hadharani.

*

Nakala ile ya mfukoni nilimpelekea Bosko Ndimbwa. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Alipanda Kilimani siku hiyohiyo, na huko hakuhitaji vipimo. Alinusa.

Alichora katuni nyingine. Waziri ameketi juu ya tangi la taifa, suruali imeshuka magotini, anasoma *Kipaza* lenye picha ya gunia, na chini watu wamekinga vikombe. Haikuwa na maneno.

Mhariri aliitazama, akaenda kufunga mlango. "Hii siyo katuni," alisema. "Huu ni uchochezi."

"Ulisema katuni haina mipaka."

"Haina mipaka kwenda chini, Bosko. Wewe umechora kwenda juu."

Bosko aliichora ukutani, nje ya ofisi ya gazeti, kwa rangi ya mafuta, saa sita mchana. Alikamatwa kabla rangi haijakauka. Mhariri hakuandika hata mstari mmoja. Profesa wa uso alisafiri kwenda semina. Sheikh Nasibu alisema suala hilo si la kidini.

Mambo ya Serikali yaliishaje? Kamati ilitoa ripoti ya kurasa mia nne, ikaruhusu nikabu Jumatatu hadi Jumatano na kuikataza siku nyingine. Mchoraji wa lile gunia alitajwa humo kama shujaa wa uhuru wa mawazo, wakati mwenyewe akiwa mahabusu. Bomba la Kilimani lilizibwa mwezi wa saba, baada ya mgeni mmoja wa heshima kulalamika kwamba harufu inamharibia mandhari. Waliokufa ni mia moja na arobaini na wawili, kwa hesabu ya Bi. Mwanaheri. Hesabu nyingine hakuna. Na Waziri alipewa nishani ya maji.

Lakini siku ya pili ya kukamatwa kwa Bosko, wizara ilinituma kituoni kuandika maelezo yake. Nilikuwa nimeketi na kalamu pale mapokezi alipoingia Bi. Mwanaheri, amebeba dumu la lita kumi na kikombe cha bati.

Askari wa zamu alimwambia sheria inataka atambuliwe. Bi. Mwanaheri akauliza kama yuko askari wa kike. Alikuwapo. Wakaingia chumba cha pembeni, wakatoka, askari wa kike akasema, "Ni yeye." Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kamati ya Taifa ilikaa wiki tisa.

Bosko alipomwona akiingia mahabusu alisimama, akashika nondo, akaangalia chini. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alikuwa amekataa kunywa tangu jana yake.

"Bi. Mwanaheri," alisema, "mimi ndiye niliyekuchora."

"Najua. Jina lako liko pembeni ya mchoro."

"Nisamehe, mama."

Alimimina maji, akapitisha kikombe katikati ya nondo. "Bado," alisema. "Nikikudanganya kwamba nimekusamehe, utakunywa vizuri, lakini nitakuwa nimekudanganya. Wanangu bado wanaitwa mkaa shuleni. Kunywa. Yamechemshwa."

"Kwa nini umekuja, basi?"

"Bomba la kituo hiki linatoka Kilimani. Humu mko watu arobaini."

Bosko alikunywa vikombe viwili, machozi yanamtoka. Bi. Mwanaheri hakumngoja amalize kulia. Alichukua dumu akaenda chumba cha pili, kisha cha tatu, anamimina, anapitisha, anapokea kikombe, anakisuuza, na wezi, walevi na wapiga debe wakawa wanamwambia "asante, mama" kwa zamu.

Askari wa zamu alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua glasi yake iliyokuwa mezani, akaisogeza karibu na taa akaiangalia, akamwaga kilichokuwamo dirishani, akaenda kusimama nyuma ya foleni.